Aliyeozwa Ni Binti Jaribu

Barua ya Serikali ilipofika Wambaa, Mwatum aliipokea kwa mikono miwili, akasoma jina lililopigwa chapa juu ya bahasha, kisha akamrudishia aliyeileta.

"Si yangu," alisema.

Tarishi Msellem alikuwa ametoka Mkoani kwa baiskeli, jua la mchana limemkaanga utosi, na hakuwa na hamu ya mzaha. Alimwambia kuwa barua ni ya mkunga, na mkunga wa Wambaa aliyekwenda kusomea Unguja miaka miwili ni mmoja tu, naye ndiye huyo aliyesimama mbele yake. Mwatum akamsomea jina polepole: Bibi Mwatum Nassor. Akamuuliza kama katika miaka yake yote ya kupeleka barua upande ule amewahi kumsikia mtu wa jina hilo. Msellem ni mtu mkweli. Alifikiri, akasema hajawahi.

"Basi kamwambie aliyeandika kuwa huyo hapa hayupo."

Alimpa maji ya kunywa na kipande cha mkate wa kumimina, kwa sababu ugomvi wake haukuwa na Msellem. Lakini tarishi naye ana masharti yake. Barua iliyokwishatolewa mkobani hairudi mkobani. Aliiweka juu ya baraza, akaibana kwa jiwe, akapanda baiskeli yake akaenda zake. Ikakaa pale mpaka alasiri, na kila aliyepita aliinama kuitazama, hata wasiojua kusoma.

Mwaka ule wa hamsini na tisa watu walikuwa wameshaanza kununiana kwa sababu ya siasa. Huyu haendi duka la yule, yule hasali na huyu. Kwa hivyo Wambaa walifurahi, nasema kweli, kupata ugomvi mwengine ambao kila mtu angeweza kuingia bila kuulizwa chama chake.

Nassor bin Mbaruk, mume wa Mwatum, hakuwa mtu mbaya, na hilo nalisema mapema ili msimchukie bure. Alikuwa mtu wa Chokocho, wa ukoo uliowahi kuwa na mashamba makubwa ya karafuu ukabakiwa na machache, na yeye alikuwa karani katika afisi ya Serikali Mkoani. Waume wangapi wa wakati ule wangekubali mke aende Unguja miaka miwili akasome? Nassor alikubali, na maneno ya watu akayameza. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kila alichokiona afisini alitaka kukileta nyumbani. Alileta vikombe vyenye visahani. Alileta saa ya ukutani. Alileta desturi ya kugonga mlango wa jikoni kabla ya kuingia, mpaka Mwatum akamwambia kuwa samaki hawako uchi.

Sasa siku moja ya Idi, mkubwa wake wa afisini, Mzungu, alimuuliza, "Na Bibi Nassor, hajambo?" Nassor alitembea na neno hilo wiki nzima. Alilipenda. Aliliona limewafunga pamoja yeye na mkewe. Haukupita mwezi, ikaja fomu ya vyeti vya wakunga, Mwatum akiwa bado Unguja anamalizia mitihani. Nassor akaijaza yeye kwa mwandiko wake mzuri, akatia sahihi chini kwamba jina lililoandikwa ndilo analojulikana nalo mwombaji. Hakumuuliza. Alitaka iwe zawadi.

Alipofika nyumbani siku ile ya barua na kuikuta bado chini ya jiwe, alijua kuwa zawadi haikupokewa. Mwatum alimwekea chai, akakaa kitako mbele yake, akamuuliza kwa sauti ya chini kabisa.

"Siku ya harusi, Nassor, ulikaa na nani kwenye mkeka?"

"Na Mzee Pandu."

Mzee Pandu ni ndugu wa ukoo wa babake Mwatum. Ndiye aliyekuwa walii wa kumuoza, kwa kuwa baba mtu alikwishafariki.

"Akakwambia nini?"

Nassor alimtazama, hajui anapelekwa wapi. "Akaniambia, nimekuoza Mwatum binti Jaribu, kwa mahari tuliyopatana."

"Nawe ukajibu nini?"

"Nimekubali kumuoa."

"Kumuoa nani?"

Nassor akakirudisha kikombe kwenye kisahani chake.

"Ulimkubali binti Jaribu," alisema Mwatum. "Ndiye uloozwa, mbele ya mashahidi. Huyu Mwatum Nassor wa kwenye bahasha hana walii, hana shahidi, hajaozwa na ntu. Basi mie sitolala nyumba moja na mwanamme nsiyeozwa kwake. Ukimuona binti Jaribu kwenye karatasi zako, uje unite."

Akaondoka. Na msidhani aliondoka kwa kilio. Alikunja mkeka wake, akauweka kichwani, juu yake mto, mkononi akashika sanduku la vyombo vyake vya ukunga na ile bahasha, akavuka uwanja wa shule akaingia kwa shangazi yake, Bi Mize binti Masika. Watu walikuwa wanatoka kusali alasiri. Wote walimuona, na yeye alitaka wamuone.

Bi Mize ndiye aliyemlea. Mama mtu aliolewa tena Wete, Mwatum akiwa na miaka minne, na baba mtu, Jaribu bin Masika, alivuka kwenda Tanga kukata mkonge ili amnunulie bintiye vitu ambavyo hata yeye mwenyewe hakuvijua majina. Hakurudi. Baada ya mwaka na kitu ikaja habari kwa mtu aliyesikia kwa mtu, kwamba Jaribu alishikwa na homa kambini akafa, akazikwa na watu wasiomjua. Wapi, hakuna aliyeweza kusema. Bi Mize alituma watu mara mbili kuuliza. Wakarudi na mikono mitupu. Wenzao wote pale Wambaa, siku za mwezi wa Shaabani, huenda makaburini wakasafisha, wakasoma, wakamwagia maji. Mwatum na shangazi yake hawakuwa na pa kwenda.

Jaribu hakuacha mtoto mwengine. Hakuacha mwanamme.

Maneno kijijini yalikuwa mengi kuliko watu. Wako waliosema Mwatum ameota mapembe, kusoma Unguja kumemharibu. Wako waliosema Nassor ndiye aliyeharibika, na Unguja hajasoma. Sheha, mkuu wa kijiji, alipita kwa Bi Mize akashauri kwa upole kwamba Serikali ikishaandika imeandika, na kwamba yeye mwenyewe kwenye daftari la kodi aliandikwa jina la babu badala ya baba, akaliacha. Bi Mize alimkaribisha kahawa, akamwambia kuwa yeye ni mwanamme, na wakimuita kwa jina la babu bado wanamwita kwa watu wake. Sheha akanywa kahawa yake akaondoka. Mzee Pandu ndiye aliyeteseka kuliko wote. Kila alipokwenda aliulizwa kwa kicheko kama ana hakika alimwoza Nassor mtu gani.

Siku ya tatu akaja Bi Zuweina, mamake Nassor, kutoka Chokocho. Alikuja na buibui lake jipya na hasira yake ya zamani, maana hakupenda tokea mwanzo mwanawe aoe Wambaa. Alikaa juu ya kitanda cha kamba cha Bi Mize, akakataa chai, akamtazama mkwewe kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Haya nambie. Mwanangu kakukosea nini hata ukamtoka mbio kama ntu aloona jini?"

Mwatum akampa ile bahasha. Bi Zuweina alisoma Kurani na barua za Kiarabu bila ya kusita, lakini herufi za Kizungu hakuzijua. Akataka asomewe. Mwatum akasoma. Bi Zuweina akataka asomewe tena. Kisha akauliza hilo Nassor ni Nassor gani, na kama Mwatum ana mtu mwengine katika ukoo wao mwenye jina hilo. Akaambiwa kuwa ni mwanawe, na ndiye aliyeandika, kwa mkono wake.

Bi Zuweina akavua buibui, akalikunja, akaliweka magotini.

"Mbaruk nimekaa naye miaka thalathini na saba," alisema. "Nimemzalia, nimemuuguza, nimemzika. Hata siku moja hakunita kwa jina lake. Mie binti Marhoun, ndivo nilivokuja kwake na ndivo nilivotoka. Hili Nassor kalitoa wapi?"

"Afisini," alisema Bi Mize, akimmiminia chai.

"Basi alirejeshe huko huko."

Chai akainywa, vikombe viwili. Hapo ndipo uadui wa miaka mitatu baina ya bibi wale wawili ulipokwisha, na nadhani ndiyo faida ya kwanza iliyopatikana katika mkasa huu. Alimpitia mwanawe kabla ya kurudi Chokocho. Aliyomwambia sitayaandika, mtu mzima akikaripiwa na mamake, adabu ni kutazama kando.

Lakini mambo hayakuwa mepesi kama wazee walivyoyaona. Nassor alikuja kwa Bi Mize siku ya Jumatatu, akakaa kwenye baraza ya nje, akamuomba Mwatum atoke wazungumze. Alikuwa amekonda. Alimweleza yote bila kuficha. Barua ile ilikuwa ya kumwita: Jumatano angefika Bibi Mkaguzi kutoka Unguja, Mwingereza, kutoa vyeti pale Mkoani. Wakunga saba. Asiyechukua cheti siku hiyo, kituo chake kinapewa mwengine, na tayari yuko msichana mmoja wa Wete anayekingoja cha Wambaa. Na kile kituo watu wa Wambaa walikijenga wenyewe, wakachoma chokaa wenyewe, kwa sababu mwaka uliopita tu walikuwa wamezika wazazi watatu waliofia njiani na uchungu wa kuzaa wakipelekwa Mkoani kwa machela. Mwatum alikuwa anawajua wote watatu kwa majina.

Lilikuwapo na jengine. Karani mkuu wa afisi alikuwa anastaafu, na Nassor alikwishanong'onezwa kuwa nafasi ni yake. Sasa aende akamwambie mkubwa wake kuwa ametia sahihi chini ya jina lisilokuwa kweli?

"Lipokee tu," alisema. "Ni karatasi. Humu kijijini na nyumbani utabaki binti Jaribu, nani atakuzuia? Mimi sikutaka kukutoa kwenu. Nilitaka watu wajue kuwa wewe ni wangu."

"Nani hajui?"



Mwatum alikuwa amekwishafikiri siku tano, na kama kuna mtu anayedhani hakuona uzito wa wale wazazi watatu, basi hamjui. Usingizi ulikuwa umemhama. Aliogopa. Alikiona kile chumba cheupe cha kituo na mtu mwengine ndani yake. Hata hivyo kila alipojaribu kujisemea "sawa, nipokee", moyo wake uligoma.

"Nkwambie kitu," alisema. "Kila ntu mzima wa hapa akinita kwa jina langu lote, husema nini?"

Nassor alijua. Alikuwa akilisikia kila siku, hata halisikii tena. Akiitwa Mwatum binti Jaribu, anayeita, kama alimjua Jaribu, humalizia kwa kusema Mungu amrehemu.

"Babangu hana kaburi," alisema Mwatum. "Hana pa kusomewa. Dua anazozipata ni hizo, za watu wanaonita mie. Katika kituo nitaandika jina langu kwa kila ntoto nitakayemzalisha. Litasomwa na watu ambao hatujawaona. Nawe unataka nilitoe hapo niweke lako, na weye uko hai, una afya, una mama wa kukuombea. Wajua, wanangu watakuwa wako. Wataitwa kwa jina lako weye, na mie nitafurahi. Jina la Jaribu litakufa siku nitakayokufa mie, hilo nnalijua. Lakini halifi kabla yangu."

"Na kituo?"

"Jumatano nitakwenda Mkoani. Nitakaa pale na wenzangu. Akiitwa binti Jaribu, nitasimama. Asipoitwa, nitarudi nikazalishe watu bila ya cheti, kama alivofanya Bimkubwa miaka yote."

Bimkubwa alikuwa mkunga wa jadi wa Wambaa, bibi kizee asiyeona vizuri, naye alikuwa ameshasema wazi kuwa mikono yake imechoka. Kwa hivyo hata hilo halikuwa jepesi. Nassor aliinuka, akasimama kidogo kama mtu aliyesahau kilichomleta, akaondoka akiisukuma baiskeli bila kuipanda.

Jumatano, afisi ya Mkoani ilikuwa imepangwa viti mbele na benchi nyuma. Wakunga saba walikaa kwenye benchi kwa mavazi yao meupe, kila mmoja na buibui lake limekunjwa mapajani. Mwatum alikaa mwisho, karibu na Maryamu, mwenzake wa Chake Chake aliyekuwa akilala kitanda cha pili yake kule Unguja. Habari ya Wambaa ilikuwa imekwishafika Chake. Maryamu akamnong'oneza kuwa yeye ameandikwa jina la mumewe na limempendeza, na akamwambia sababu. Baba yake alimkana akiwa tumboni. Jina la baba huyo lilikuwa linamchoma tokea skuli. Mume huyu ndiye mtu wa kwanza aliyesema "huyu wangu" mbele ya watu.

Mwatum alimshika mkono. "Basi lishike, na likukae," alisema. "Weye lako umelitoa mwenyewe. Mie langu limetolewa nami sipo."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Bibi Mkaguzi, mwanamke mrefu mwenye uso mwekundu na miwani, nyuma yake mkubwa wa afisi, na nyuma yao Nassor na faili kifuani. Mwatum hakulitarajia hilo. Alijua kuwa mumewe atakuwapo katika jengo. Hakujua kuwa ndiye mkalimani, na kwamba ndiye atakayeita majina.

Bibi Mkaguzi alisema maneno machache, Nassor akayafasiri. Sauti yake ilikuwa sawa. Kisha akafungua faili. Aliita wa kwanza, akasimama, akapokea, akapigiwa makofi. Akaita wa pili. Maryamu alikuwa wa nne. Alikwenda na kurudi akitabasamu, na Mwatum akampigia makofi kwa nguvu kuliko wote. Akaita wa tano, na wa sita.

Kilibaki cheti kimoja mezani.

Nassor aliitazama orodha. "Bibi Mwatum Nassor," alisema.

Hakuna aliyesimama. Mwatum alikaa amenyooka, mikono juu ya buibui.  Bibi Mkaguzi aliinua kichwa, akaona benchini mwanamke mmoja asiye na cheti, akamtazama kwa kumngoja. Nassor akaita tena, sauti imepungua. Wakunga wengine wakageuza macho, huyu akitazama dirisha, huyu kucha zake. Maryamu akawa anasoma cheti chake kama anayekihifadhi.

Mkubwa wa afisi akauliza kwa Kiingereza kama yule pale si mke wake. Nassor akasema ndiye. Basi kwa nini haji?

Mwatum Kiingereza chake kilikuwa cha hospitali, cha joto na damu na "vuta pumzi", lakini hilo alilielewa. Alimtazama mumewe. Hakumtazama kwa ukali. Alimtazama tu, kama anavyomtazama mzazi ambaye sasa kila kitu kiko juu yake mwenyewe na hakuna wa kumsukumia.

Nassor aliifunga faili. Kalamu nyekundu aliyokuwa ameipachika sikioni akaitoa akaitia mfukoni, sijui kwa nini. Kisha akasema, na safari hii sauti yake ilifika mpaka kwa watu waliokuwa wakisubiri nje ukumbini:

"Mwatum binti Jaribu." Na kwa mazoea ya kuwasikia watu, bila ya kufikiri, akamalizia, "Mungu amrehemu."

Mwatum akasimama.

Aliupita ule upana wa chumba na hakuhisi sakafu. Mtu mzima mmoja kule ukumbini, mtu wa Makoongwe aliyekuja kwa shauri la shamba, alisikika akiuliza, "Jaribu yupi, yule wa Masika, aloondoka kwenda Tanga?" na mwengine akamjibu ndiye, na wote wawili wakamwombea rehema kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha wakarudi kwenye mazungumzo yao ya shamba. Mwatum alisikia kila neno. Machozi yalimtoka hapo, mbele ya Mzungu, na hakuyafuta.

Bibi Mkaguzi alitazama cheti, akatazama orodha, akauliza jina gani hilo alilolisema karani, na ni maneno gani aliyoyaongeza mwisho. Nassor akamjibu amesimama wima. Alisema jina la kwenye fomu alilijaza yeye, na si jina la mtu huyu. Sahihi iliyo chini ni yake na kosa ni lake. Na maneno ya mwisho hayakuwa ya kazi. Alikuwa anamuombea baba mkwe.

Mkubwa wake aliwiva uso. Bibi Mkaguzi akamuuliza Mwatum mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, kama anajua kuwa cheti kipya hakiji kabla ya miezi mitatu, na kwamba kwa miezi hiyo hatokuwa mkunga wa Serikali.

"Najua, Bibi."

"Na unakubali?"

"Nakubali kungoja. Lile jina silikubali."

Bibi Mkaguzi akachukua kile cheti cha saba akakikata jina kwa mstari mmoja, akaandika pembeni kuwa kituo cha Wambaa kisipewe mtu mwengine. Mimi sijui nini kilimpitikia. Baadaye Maryamu alidai kuwa alimuona akilitazama jina lake mwenyewe, lililo la mumewe, juu ya faili, lakini Maryamu ni mtu wa kuongeza chumvi.

Jioni ile Mwatum alirudi Wambaa kwa miguu, Nassor ubavuni mwake na baiskeli.  Walipofika penye njia panda, ya kulia ikienda kwa Bi Mize na ya kushoto nyumbani kwao, Mwatum alishika ya kushoto. Mkeka wake aliufuata kesho yake.

Ukarani mkuu alipewa mtu kutoka Chake. Nassor alibaki kwenye meza ile ile, na kwa muda mrefu makarani wenzake walikuwa wakimuita Bwana Mwatum. Alichukia wiki ya kwanza, akacheka wiki ya pili, na baada ya hapo wakachoka wenyewe. Cheti kilikuja, si kwa miezi mitatu bali mitano. Msellem alikileta, akasoma jina kwa sauti tangu barabarani kabla hajashuka kwenye baiskeli. Kituo kikafunguliwa. Mwatum alizalisha watoto arubaini na mmoja kabla ya kuja zamu yake mwenyewe.

Hiyo ilikuwa mwaka wa sitini na moja, asubuhi ya mvua, na Bimkubwa ndiye aliyemzalisha kwa mikono yake ile iliyochoka. Alikuwa mtoto wa kike. Daftari la kituo lilikuwa limeletwa nyumbani, na kwa kuwa mwenye daftari alikuwa kitandani, Nassor alikaa kwenye kigoda akaandika yeye. Aliandika tarehe. Aliandika mkunga, Bimkubwa. Akauliza jina, ingawa walikwishakubaliana, na Mwatum akamwambia tena kuwa ni Mize.

Nassor akaandika: Mize binti Nassor.

Kalamu ikasimama. Alikuwa ameandika majina ya watu maelfu katika kazi yake na hakuwahi kukaa akalitazama moja hivyo. Jina lake lilikuwa pale, nyuma ya lile dogo, halina kitu chengine cha kulishika. Wino ulikuwa haujakauka, naye akauwekea kiganja juu bila ya kuugusa, kama mtu anayekinga taa na upepo.

"Atakayekuja kumposa huyu," alisema, "nitamsomesha jina hili kwanza, mbele ya mashahidi."

 Mwatum akamsogezea mtoto, amshike.